Delphia Noble, Dada Yake Orbin

Delphia alikuwa akija kwangu kila asubuhi na taulo moja. Mimi nina nyumba ya kufulia nguo hapa Stanfill, mkabala na kituo cha mafuta. Watu hutia sarafu kwenye mashine, hufua, hukunja vyao, huenda zao. Yeye alitumbukiza taulo lile kwenye mashine ya pembeni kabisa, taulo safi lisilo na doa, akakaa kiti cha dirishani na kutoa simu. Kule kwao bonde la Stillhouse milima imebanana hata simu haishiki. Kwangu kuna waifai. Kwa hiyo taulo ndilo lililokuwa hodi yake, na mimi sikuwahi kumwambia kwamba angeweza kuingia bila taulo. Mtu akijitengenezea heshima yake, mwachie.

Alichokuwa akitazama ni ukurasa wa jela.

Hapa inabidi niseme kidogo, maana mambo yetu ya Kentucky mengine hata sisi wenyewe hutuchekesha. Kaunti yetu ya Larkin haina jela. Ilikuwa nayo, paa likaanguka, ikafungwa. Lakini sheria inataka tumpigie kura bwana jela, nasi tunampigia. Tuna bwana jela asiye na jela. Jina lake Hargis Tackett, na kazi yake ni kuendesha gari la kaunti: anawapeleka wanaokamatwa jela ya jirani, Boyer, na wakiachiwa anawarudisha. Anawashusha pale kituo cha mafuta, anamnunulia kila mmoja kikombe cha kahawa, anampa na kadi yenye picha yake. Mfungwa ana mama, ana shangazi, na hao wote wana kura.

Jela ya Boyer huweka kila aliye ndani kwenye ukurasa wake: picha, jina, umri, kosa analotuhumiwa, siku aliyoingia. Ni habari ya umma, sheria ndivyo isemavyo, na katika Larkin sheria hiyo ndiyo pekee inayofuatwa na wote. Hakuna anayekunywa kahawa ya asubuhi bila kuupitia. Wazee wa mgodini wanaupitia, walimu wanaupitia, mke wa mchungaji anaupitia kabla ya sala, ili ajue amwombee nani, anavyodai.

Lakini sikia adabu yetu. Unasoma, husemi. Unaweza kumwona mtoto wa jirani yako ukurasani, jicho limevimba, kaiba jenereta ya kanisa. Ukikutana na mama yake dukani unamuuliza maharage yake mwaka huu yamestawije, naye anakuuliza goti lako linaendeleaje. Yeye anajua kwamba unajua. Wewe unajua kwamba anajua. Mnaagana. Kuuliza habari ya mtu aliye jela kwetu ni sawa na kuinua shuka la mgonjwa mbele ya wageni.

Ndiyo maana miaka yote ile Delphia hakuwahi kunitajia Orbin, na mimi sikumtaja, ingawa mdomo huu mnaujua. Nilisoma mabega yake. Mabega yakishuka, nilijua Orbin yumo, ana kitanda, ana blanketi, na dada mtu atalala. Akishika simu karibu na pua na kuanza tena kutoka juu, nilijua kijana yuko nje mahali fulani, na mvua inanyesha.

Kijana, nasema. Alikuwa na mvi.

Baba yao alifia mgodini, jiwe la darini lilimwangukia, wakati Orbin angali anatambaa. Mama yao aliugulia kitandani tangu msiba ule na hakukiachia tena mpaka anakufa, miaka mingi baadaye, akiwa na nguvu ya kutosha ya kulalamika kwamba supu haina chumvi. Delphia alikuwa msichana mkubwa. Aliacha shule akashika nyumba: kuni, maji, mama, mtoto. Mimi niliishia darasa la nane kwa kuwa nilitaka kuolewa. Yeye aliacha kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Kulikuwa na mwanamume mmoja, Emmitt, mtu mzuri mwenye masikio makubwa, aliyekwenda Ohio kufanya kazi kiwandani na akaandika kwamba atakuja kumchukua. Delphia akajibu kwamba anakuja na watu wawili. Emmitt hakuandika tena. Delphia alinisimulia hilo siku moja tukikunja shuka, kwa sauti ile ile ya kusema bei ya sabuni imepanda.

Orbin alikua mpole. Hili hata waliofunga vibanda vyao kwa kufuli kwa ajili yake watakwambia. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, gogo likamvunja mgongo, daktari akampa vidonge, vidonge vikawa ndiyo bwana wake. Vilipokatazwa akavitafuta mitaani. Akaanza kuchuna nyaya za shaba kwenye nyumba zilizohamwa, halafu kwenye ambazo hazijahamwa. Akawa wa kuingia Boyer na kutoka, kama mtu mwenye shamba huko.

Nilipanda Stillhouse mara moja kumpelekea Delphia dawa ya kikohozi. Nyumba yao ni ya trela iliyoongezewa baraza la mbao, iko peke yake juu ya kijito. Ndani, ukutani, nikaziona. Picha za Orbin, zimechapwa kwenye mashine ya maktaba, zimepangwa kwa mwaka: Orbin na nywele ndefu, Orbin kakonda, Orbin na jeraha la paji, Orbin ana ndevu, na nyuma yake katika kila picha ukuta ule ule wa kijivu wa Boyer wenye mistari ya kupimia urefu. Hakuwa na nyingine. Nani angempiga nyingine?

Delphia aliniona ninatazama.

"Hiyo ya mwisho kanenepa," akasema.

"Kweli," nikasema. "Shavu limejaa."

Ndivyo tulivyozungumza habari ya jela, mimi na yeye. Ndiyo yote.

Sasa, Februari ile, asubuhi ya baridi ya kukausha mdomo, aliketi dirishani akafungua simu, akatazama, akashuka mpaka chini, akapanda mpaka juu. Jina halikuwapo. Jana lilikuwapo. Nilimwona akinyanyuka haraka, koti mkono mmoja tu umeingia, akaacha taulo linazunguka.

Kwetu jina likitoka ukurasani, mtu yuko njiani. Kila mmoja anajua. Kwa hiyo alikwenda nyumbani kubandika maharage na mfupa wa nguruwe, chakula anachompikia Orbin kila akirudi, na kabla mchana haujaingia alikuwa amerudi, amekaa dirishani, anaangalia kituo cha mafuta. Hata nywele alikuwa amezichana.

Gari la Hargis likaja. Mlango ukafunguliwa, wakashuka watatu na mifuko yao ya karatasi, wanafinya macho kwa mwanga. Hargis akawapa kahawa, akawapa kadi. Orbin hakuwamo. Hargis akageuka, akamwona Delphia kwenye kioo changu, akampungia mkono. Delphia naye akampungia. Gari likaondoka.

Nilidhani atavuka barabara amkimbilie. Hakuvuka. Alikaa pale mpaka nikaanza kufagia miguuni pake, akaenda zake.

Kesho yake gari lilikuja tena, na kesho kutwa. Orbin hayumo. Wakati huo kaunti nzima ilikuwa imeshasoma ukurasa, imeona jina limetoka, na kila mtu akafanya lake kimya kimya. Mzee wa kituo cha mafuta akafunga jenereta yake kwa mnyororo. Duka la vifaa likauza makufuli. Naye Lottie Sizemore, ambaye angekuwa na jicho moja bado angeona kuliko wengine wenye mawili, akaapa kwamba amemwona Orbin relini, na begi mgongoni, anaelekea daraja la zamani. Hakumwambia Delphia. Alimwambia mtu aliye karibu na Delphia, kwa sauti ya kumfikia Delphia. Hiyo nayo ni adabu yetu.

Basi Delphia akaenda relini. Akaenda darajani, akaenda kwenye mtambo wa zamani wa makaa ambako waliokosa pa kulala huwasha moto, akaenda nyumba zilizohamwa akipiga madirisha na fimbo. Mvua ilinyesha siku zile kama imelipwa. Alirudi kwangu viatu vimejaa matope, suruali imeloa mpaka magotini, akakaa. Taulo hakuja nalo tena. Nikamwekea kahawa. Hakuinywa; aliishika tu ajipashe mikono, ikipoa anairudisha mezani, nami naibadilisha.

Nikaona sasa anatazama kurasa nyingine. Kentucky ni kaunti juu ya kaunti, na kila jela ina ukurasa wake: mmoja unaonyesha wote, mwingine unataka uandike jina kwanza, mwingine umekufa tangu mwaka juzi. Alizipitia zote, moja baada ya nyingine, nyuso za watoto wa watu, mamia kwa mamia, akitafuta uso mmoja.

Mimi sina subira hata ya kuku. Nikaweka kapu chini, nikakaa mbele yake.

"Delphia, unamtafuta nani?"

"Natazama tu."

"Unatazama kaunti za mpakani mwa Tennessee. Una nani huko?"

"Mashine yako ile inavuja, Nolene."

"Iache ivuje."

Mashine ilivuja kweli. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Ndani hayumo. Nje hayumo. Mtu anakuwa wapi, kama hayumo ndani wala nje?"

Mimi nilikuwa na simu. Nikapiga jela ya Boyer palepale, mbele yake, na hivyo nikavunja kanuni niliyonyonyeshwa nayo. Akapokea mwanamke anayetafuna kitu.

Nikamwambia jina. Nikasikia anabonyeza.

"Huyo hayupo kwetu, mama. Ametoka."

"Ametokea wapi?"

"Mlangoni, mama. Wote hutokea mlangoni."

"Nauliza ameenda wapi."

"Sisi tunaonyesha walio ndani. Akishatoka hatumfuati, hatuna miguu hiyo." Akatafuna kidogo. "Karatasi ya kuachiwa iko mahakamani kwenu. Ni ya umma hiyo. Mnaenda dirishani kwa karani, mnataja jina, mnaonyeshwa."

Nikamshukuru, nikakata, nikamweleza Delphia. Alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Mahakama yetu ina korido moja, na dirisha la karani wa mahakama limepakana na dirisha la leseni za magari, kwa hiyo mwisho wa mwezi nusu ya kaunti imepanga foleni humo, na siku hiyo ilikuwa mwisho wa mwezi.

"Nenda wewe," akaniambia.

Ningeweza. Karatasi ya umma hata mbwa wangu angeiomba, angejua kusema. Nikachukua funguo za gari. Nimefika mlangoni, nikasikia kiti kinakwaruza.

"Ngoja," akasema. "Wakikusikia wewe ndiye unayemuulizia, watasema hana mtu."

Akavaa koti, safari hii mikono yote miwili.

Korido ilikuwa imejaa, inanuka makoti mabichi. Lottie alikuwamo, mke wa mchungaji alikuwamo, na Hargis Tackett mwenyewe alikuwa karibu na ngazi akigawa kadi, maana uchaguzi ulikuwa unakaribia. Wote walitusalimu vizuri. Mmoja aliniuliza goti langu. Delphia akasimama kwenye foleni ya karani, mfuko wake ameukumbatia tumboni, na sikuwahi kumwona mdogo namna ile.

Zamu yake ikafika. Akasema kitu.

"Samahani, mama, sijasikia," akasema karani.

Akasema tena. Karani akaweka mkono sikioni.

Hapo Delphia akavuta pumzi, akakisema kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. "Namtafuta ndugu yangu. Orbin Noble. Alikuwa jela, Boyer, sasa hayupo kule wala nyumbani hajafika. Mimi ni dada yake."

Kila mtu koridoni akatazama viatu vyake mwenyewe. Ungedhani kuna kitu kimeandikwa sakafuni. Karani akasema ngoja nilete faili, akaingia ndani, na katika kimya kile nikasikia buti zinakuja. Hargis. Kofia ameivua.

"Bi Delphia," akasema taratibu. "Kumbe hujui?"

"Nijue nini?"

"Orbin yuko hospitali. Ile kubwa, mjini. Mapafu. Alikuwa anakohoa siku nyingi kule Boyer, halafu akaanguka, wakamkimbiza."

Delphia akashika ukingo wa dirisha. "Hai?"

"Nilipomwacha, hai."

"Wewe ulimwacha?"

Hargis akaizungusha kofia. Akaeleza, na mimi nawaeleza kama alivyosema. Mfungwa akilazwa, kaunti ndiyo inayobeba gharama za hospitali. Akiachiwa, anajibeba. Kwa hiyo ugonjwa ulipokuwa mkubwa hakimu alitia sahihi Orbin aachiwe, pale pale kitandani, hajui hata ni mchana au usiku. Hargis alitumwa kumfungua pingu, iliyokuwa imemfunga mguu na kitanda. Akaifungua, akaiweka mfukoni, akarudi. Na Boyer wakafuta jina ukurasani, maana mtu ameachiwa.

"Siku ile jina lilipotoka," akasema Delphia.

"Siku hiyo hiyo."

"Na ulinipungia mkono."

"Nilikupungia." Uso wa Hargis ulikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Nilidhani umeshajua, Bi Delphia. Umekaa pale, hukuja kuniuliza. Nikasema, kumbe anajua, hataki kuzungumza. Ningeanzaje?"

"Ungeanza na jina lake."

"Sisi hatufanyi hivyo," akasema Hargis, na ingawa nilitaka kumpiga na mfuko wangu, ilikuwa kweli tupu. Mimi nilikuwa nimekaa na Delphia chumba kimoja miaka, na mimi sikufanya hivyo.

Lottie akajikohoza. "Basi yule wa relini, kumbe..."

"Lottie," akasema mke wa mchungaji, "nyamaza, mama."

Karani alirudi na faili. Hakuna aliyelifungua.

Hargis alitaka kutupeleka kwa gari la kaunti. Delphia akamjibu kwamba gari hilo limempeleka Orbin mara za kutosha. Tukaenda na langu. Ni safari ndefu, milima yote ile mpaka nchi inyooke, na njia nzima alizungumza. Sikujua kwamba ana maneno mengi namna hiyo. Aliniambia Orbin alivyoogopa radi akiwa mdogo hata akaingia chini ya sketi yake, na alivyomfundisha bata kumfuata shuleni, na kwamba akiwa na nafuu huja kumpasulia kuni za msimu mzima, azipange vizuri kuliko duka, halafu ashindwe kubaki. Aliniambia pia kwamba usiku ambao Orbin hayuko jela, yeye mwenyewe hulala amevaa viatu. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza siku zote hizo. Akasema, hukuuliza, bila ubaya wowote, akaendelea na bata.

Hospitalini walituuliza sisi ni nani kwake. Kumbe Orbin alikuwa ameandikwa hana ndugu. Jela ilipomleta haikusema, na yeye hakuwa na sauti ya kusema. Delphia akarudia maneno yale ya korido, safari hii hakuhitaji kupiga kelele.

Alikuwa kwenye chumba cha mwisho, karibu na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Nilimjua kwa lile jeraha la paji la uso tu. Bomba puani, bomba mkononi, na kifundo cha mguu kilichotoka nje ya shuka kilikuwa bado na duara la zambarau. Akafumbua macho. Nikajibanza mlangoni, lakini sikutoka, siwezi kuwadanganya.

"Del," akasema.

"Ndiyo mimi."

"Uliona jina limetoka?"

"Niliona."

Alitafuta pumzi, akaipata. "Nikasema leo atakuja. Yeye huangalia kila siku, atakuja. Halafu nikasema kesho. Halafu nikasema, ah. Kachoka nami. Na ana haki."

Delphia hakulia. Alivua koti, akalikunja, akaliweka chini ya kiti.

"Mimi nilikuwa relini kwenye mvua nakuita, mpumbavu wewe. Mpaka mbwa wa watu wamenijua jina."

Orbin akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na muuguzi akaja mbio akatufukuza kwa muda. Delphia hakufukuzika. Alishika kile kifundo cha mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa na mabomba, akabaki hapo.

Nikamwacha huko. Nilikuwa na mashine zangu, na mtu mmoja anatosha kwenye kiti kimoja. Muuguzi mmoja mwenye huruma alimpatia godoro dogo, na akaishi nalo. Nilikuwa namtembelea Jumapili baada ya ibada, na mara zote niliwakuta hawazungumzi, yeye ameketi, Orbin amelala, wanasikiliza ile mashine ya pumzi kama watu wengine wanavyosikiliza redio. Orbin alikuwa na nafuu wiki moja. Wiki nyingine hakuwa nayo. Alikufa wakati miti yetu ya maua meupe inachanua milimani, mchana, dada yake yupo.

Tulimzika Stillhouse, juu ya nyumba, pembeni ya wazazi wake. Watu walikuja, sisi si wabaya. Walileta kuku, viazi, keki ya tufaha kavu, sahani zimejaa mpaka kwenye baraza. Walimpa Delphia pole, wakamsifia maua, wakasema mvua imezidi mwaka huu na bustani itachelewa. Nilisimama karibu na keki nikisikiliza, nikingoja mmoja wao aseme "Orbin." Mchungaji alilisema, kwa kuwa ni kazi yake. Hargis alikuja na suti, bila kadi, akabeba jeneza upande wa miguu. Mwezi uliofuata alishinda tena. Nilimpigia kura mwenyewe. Wapinzani wake walikuwa hata pingu hawajui inafunguliwaje.

Delphia hakuja tena kwangu. Wiki ya kwanza nilisema anaomboleza. Ya pili nikasema ana shughuli za kaburi. Kisha nikajishika nikipanga viti asubuhi, cha dirishani nikakiacha kilivyo, na nikajua kwamba hana sababu ya kuja. Alichokuwa akikitazama hakipo ukurasa wowote. Na mimi, nikiwa na kaunti nzima inayopita mlangoni mwangu na nguo chafu, sikuwa na mtu wa kumwekea kahawa ipoe.

Nikafunga mashine Jumatano moja mchana, jambo nisilolifanya hata kwa theluji, nikapanda Stillhouse. Nilimkuta barazani, mikono mapajani, hakuna anachokifanya. Sijawahi kumwona Delphia Noble bila kitu mikononi. Kuni za Orbin zilikuwa zimepangwa ukutani mpaka kwenye paa, hajaanza kuzichoma.

Akaniuliza goti. Nikamwambia goti liko pale pale.

Halafu nikamuuliza. "Delphia, hali yako hasa ikoje?"

Nilitegemea aseme yuko sawa. Kila mtu kwetu yuko sawa. Alinitazama kama anayepima iwapo nitalibeba jibu.

"Silali," akasema. "Zamani nilikuwa silali kwa sababu yuko nje. Akiwa ndani, nalala. Sasa najinyoosha kitandani najiuliza yuko wapi, najibu yuko pale juu, mita chache, hana baridi. Najijibu hivyo, na bado silali. Nolene, nilikuwa mtu wa kungoja tu. Sijui kitu kingine cha kuwa."

Mimi nina jibu la kila kitu, muulize yeyote. Kijito kilikuwa kinapita chini huko na makelele yake. Nikavuta kile kiti kingine, chenye mguu mbovu, nikakaa taratibu kisivunjike, na tukakaa hivyo, wanawake wawili, mpaka kivuli cha mlima kikafika kwenye ngazi za baraza.

Akasema niende, giza huingia mapema bondeni na njia ni mbaya. Nikamwambia nitakuja Jumatano.

"Kufanya nini?" akauliza.

"Kukuuliza," nikasema.

Hakusema njoo wala usije. Nilipogeuza gari niliona bado amekaa pale pale, ameangalia barabara.